Mgawo wa unga umekatika, waumini wametoweka. Nifanyeje na kituo hiki?

BARUA

Mpendwa Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwinjilisti. Nimepangiwa kituo cha injili wilayani Kilolo, mkoani Iringa, kijiji cha mlimani ambako mvua zikishika hata pikipiki inasukumwa. Mtangulizi wangu alikifungua kituo kwa mgawo: kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, ibada ikiisha, kila kaya iliyohudhuria inapewa unga kilo 10, mche wa sabuni na pengine nguo za mtumba. Vitu vilitoka kwa marafiki wa usharika wetu walioko Ulaya. Banda letu la miti na turubai lilikuwa linajaa watu 150. Mwezi wa pili fedha zilikata na mgawo ukafa. Sasa napata watu 20, wengi akina mama na wazee, na njiani naambiwa, "Mwinjilisti, unga wetu umeula wewe."

Shida za hapa ni za kweli. Kuanzia Desemba vihenge vinakauka, wanaume wanakwenda Mufindi kutafuta vibarua vya chai na mbao, watoto wanabaki na bibi zao. Yatima ni wengi. Ulanzi, pombe ya mianzi, nao ndio msimu wake, Jumapili mchana humpati mtu.

Marafiki wale wanakuja mwezi wa saba. Wameandika kwamba wanataka kutujengea kanisa la tofali na bati. Wazee wa usharika wanasema tukubali kabla hawajabadili mawazo, na turudishe mgawo angalau miezi miwili ili wageni wakute watu. Moyo wangu unasita. Nikikataa nitaonekana mkaidi, nikikubali naona tunarudi kule kule. Na sadaka ya Jumapili haifiki shilingi 5,000. Nianzie wapi?

Mwinjilisti, Kilolo

JIBU

Ndugu Mwinjilisti, amina.

Hao 20 waliobaki ndio washarika wako. Wengine walikuwa foleni ya unga, na hawana kosa: walifundishwa kwamba kuhudhuria ibada ndiyo stakabadhi. Usirudishe mgawo ili wageni wakute watu. Utakuwa umewadanganya wageni, na wanakijiji utakuwa umewathibitishia kwamba injili huja na lori na kuondoka nalo. Lakini pia usimwache mwenye njaa na njaa yake kwa jina la kujitegemea. Kazi iliyo mbele yako ni kuutoa msaada mlangoni mwa kanisa na kuukabidhi kijiji, kisha kanisa liishi kwa sadaka yake hata kama ni ndogo.

Wazee wa usharika watakuuliza kwa nini unapinga jambo jema, kwa hiyo wapigie hesabu. Kaya ya watu sita inayokula ugali mchana na jioni humaliza karibu kilo 2 za unga kwa siku. Kilo 10 ni siku tano. Siku 25 zilizobaki kaya ile ilikuwa inaishi kama kawaida yake. Tena bibi mwenye wajukuu wanne alipata sawa na mwenye magunia 20 ndani, na mwezi wa nane, kila nyumba ikiwa na mahindi mapya, mgawo uliendelea vile vile. Mama anayeuza unga kwa kisado pale njia panda alikosa wateja wiki nzima ya kwanza ya kila mwezi. Fedha ile ilitumika nyingi na njaa ya Januari haikuguswa.

Hatua ya kwanza ni lile neno la "unga wetu umeula". Usilijibu mimbarani. Nenda ofisi ya kijiji, uonane na mwenyekiti na mtendaji, uombe dakika 20 kwenye mkutano wa kitongoji. Mchungaji wako awepo. Soma kutoka kwenye daftari la usharika: zilipokelewa kilo ngapi, tarehe gani, ziligawiwa kaya ngapi, mgawo ulisimama lini na kwa nini. Kama daftari halipo, sema halipo. Watu wa mlimani husamehe upungufu wa kumbukumbu upesi kuliko kauli za kuzungukazunguka. Siku hiyo hiyo waombe wakuchagulie kamati ya wahitaji.

Kamati iwe ya watu saba: mjumbe wa serikali ya kitongoji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwalimu mmoja, akina mama wawili, mzee mmoja wa kanisa lako, na mtu mmoja ambaye si wa kanisa lako. Wewe usiwemo. Waanze na orodha ya kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ambayo mtendaji anayo, kisha waongeze waliosahaulika: bibi anayelea yatima, mgonjwa wa kitandani, mlemavu asiye na ndugu. Kwenye kijiji cha kadiri hiyo mara nyingi mtabaki na kaya 10 hadi 15 zisizoweza kabisa kujimudu. Majina yasomwe hadharani ili watu wayapinge au wayakubali, ila sababu ya ugonjwa isitajwe kamwe. Ukisema "huyu amewekwa kwa sababu anatumia dawa", umeshamtangaza, na kesho hatakwenda kliniki. Kinachotolewa kipelekwe nyumbani siku ya kazi na wanakamati wawili, bila mahubiri wala kupiga picha. Atakayetaka kujua kwa nini mnafanya hivyo atauliza, na hapo ndipo utakapomjibu.

Kuhusu cha kupeleka: mahindi peke yake hayatoshi. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto wa chini ya miaka mitano wenye udumavu mkoani Iringa walikuwa asilimia 56.9, juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini, na huu ni mkoa unaolisha wengine mahindi. Tumbo linashiba, mwili haujengwi. Kwenye kaya yenye mtoto mdogo pelekeni maharage, mafuta ya kupikia na mayai, na mhudumu wa afya amwonyeshe bibi namna ya kuponda maharage yaliyoiva kwenye uji au ugali wa mtoto. Kuku wawili wa mayai kwa bibi anayeweza kuwafungia usiku watamfaa zaidi ya unga wa miezi kadhaa.

Sasa njaa ya Desemba hadi Machi, inayowapata hata wasio fukara kabisa. Dawa yake ni benki ya mahindi, na hii ndiyo kazi nakuomba uitilie nguvu zaidi, kwa sababu mavuno yako mbele na muda unatosha. Mtindo wake ni huu. Mwezi wa saba, mahindi yakishakauka, kila kaya inayotaka kujiunga inaweka debe mbili. Kaya 30 ni debe 60, yaani magunia 10 ya debe sita sita. Kuanzia Januari mwanachama anakopa hadi debe mbili, na anarudisha kabla ya mwisho wa Julai akiongeza kisado kimoja kwa kila debe. Debe moja lina visado vitano. Wakikopa zote 60, riba ni visado 60, sawa na debe 12, magunia mawili kamili. Magunia hayo mawili ndiyo yatakayolisha orodha ya wahitaji mwaka unaofuata. Msaada umetoka kijijini, na hakuna atakayeuliza nani kaula unga wa nani. Uanachama uwe wazi kwa kijiji kizima, wa kanisa na asiye wa kanisa.

Benki za namna hii hufa kwa sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni unyevu. Watu wakiwa na haraka huleta mahindi ya Juni ambayo hayajakauka, yanaota ukungu na kujaa sumukuvu, na usipoyakagua unaweza kuwalisha watoto sumu. Pima hivi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri motoni au juani, funga, tikisa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Ikibaki chini ikiwa kavu, unyevu uko chini ya asilimia 15. Bado yanahitaji kushuka hadi 13 kwa kuhifadhi muda mrefu, kwa hiyo hata yakifaulu mwenye mahindi ayaongezee siku mbili za jua kali, juu ya turubai, kamwe si chini kwenye udongo.

Ya pili ni dumuzi. Nunueni mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu inayobeba kilo 100. Hakikisheni hakuna vipande vya magunzi vinavyoweza kutoboa plastiki. Jazeni, kamueni hewa yote, fungeni mfuko wa ndani peke yake, kisha wa pili, kisha wa nje. Wadudu waliomo hufa kwa kukosa hewa, hakuna haja ya dawa yoyote. Mfuko usifunguliwe hovyo, maana kila ukifunguliwa hewa inaingia na wadudu waliosalia wanapata nafasi. Mifuko ikae juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani, ili paka apite. Panya mmoja akitoboa, mfuko huo umeshakuwa gunia la kawaida. Usiotobolewa hutumika tena msimu unaofuata.

Ya tatu ni watu. Viongozi wasikope kwanza. Debe la kupimia liwe moja, la kufuta, yaani lisawazishwe juu, kuingia na kutoka. Ghala liwe na kufuli tatu na watunza funguo watatu wa koo tofauti, na mmoja wao asiwe wa kanisa lako. Wewe usishike ufunguo hata ukibembelezwa. Chumba kisiwe ndani ya kanisa: mwanachama akigombana na benki atagombana na ibada. Na andikeni tangu mwanzo kwamba mvua ikikosekana deni linasogezwa msimu mmoja bila kuongezwa kitu, na kwamba hakuna kuuza akiba kwa mlanguzi, hata bei ya Februari ikiwa tamu namna gani. Afisa ugani wa kata aitwe siku ya kupokea mahindi. Ushahidi wake huwatuliza wenye wasiwasi.

Nije kwenye sadaka. Unahesabu noti na sarafu, wakati kijiji chako hakina noti wala sarafu hadi mtu auze kitu. Fungua mlango wa sadaka ya vitu: mayai, kisado cha maharage, mkungu wa ndizi, kuku, kuni. Baada ya ibada fanyeni mnada pale pale nje, mweka hazina aandike, fedha isomwe kabla watu hawajatawanyika. Yai moja la bibi likinunuliwa na mwalimu, bibi amemtolea Mungu na mwalimu amepata kitoweo. Sikukuu ya mavuno ipangwe mwishoni mwa Julai, kabla mahindi hayajauzwa kulipia madeni. Halafu kanisa lilime. Omba kijiji robo ekari ya vinyungu, zile bustani za bondeni, kwa ajili ya kiangazi hiki, mpande maharage: kilo 8 hadi 10 za mbegu zinatosha, nafasi sentimita 50 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo. Kwenye baridi yenu yanachukua miezi mitatu na kidogo. Zingatia mita 60 kutoka ukingo wa mto, kama Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka. Kanisa likiwa la kwanza kulima chanzo cha maji halitaaminika tena. Novemba mhamie mlimani, ekari moja ya mahindi: mbegu kilo 10, mfuko mmoja wa mbolea ya DAP wa kupandia, mmoja wa Urea wa kukuzia, na jiandikisheni mapema kijijini kwa ajili ya mbolea ya ruzuku.

Posho yako isitegemee mnada huo. Usharika mama uliokutuma uandike kwa barua kiasi utakacholipa na kwa miaka mingapi, kikipungua kidogo kidogo kadiri kituo kinavyoinuka. Mwinjilisti mwenye njaa ndiye anayejaribiwa kuuza sabuni za msaada, na lawama zitamwangukia yeye peke yake.

Kuhusu ulanzi, usianze kwa kuukemea. Kuna nyumba ambazo ada na vifaa vya watoto vinatoka kwenye mianzi hiyo, na msimu ukiisha kelele zenyewe zinapungua. Sogeza ibada iwe saa 3 asubuhi, iishe kabla ya saa 5. Mahubiri yatafsiriwe Kihehe kwa ajili ya wazee. Usiitishe semina yoyote Novemba na Desemba, watu wako mashambani. Ibada za katikati ya wiki zifanyike majumbani, kaya tano au sita, kwa zamu, na wenyeji wenyewe wasome na kuomba.

Hilo la wenyeji lina historia katika nyanda hizi. Wamisionari wa Kijerumani, wa Moravian na wa shirika la Berlin, walifika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na kutoka huko kazi ikapanda milimani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, Wajerumani waliondolewa. Ibada katika vijiji vingi ziliendelea kwa sababu walikuwapo walimu na wazee wenyeji waliojua kusoma, kufundisha na kuzika. Kwa hiyo mwaka huu chagua watu wanne kati ya hao 20, wanawake wawili na wanaume wawili, uwafundishe kila Jumamosi kwa muda wa saa mbili: kusoma somo, kuombea mgonjwa, kuongoza mazishi, kuandika daftari la sadaka. Siku ukihamishwa, kituo kisihame nawe.

Kuna jambo moja sitaki lipite kimya. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023, maambukizi ya VVU kwa watu wazima mkoani Iringa yalikuwa asilimia 11.1, wakati taifa zima ni 4.4. Katika kila mkusanyiko wako wamo watu wanaomeza dawa kila siku. Ombea wagonjwa, wawekee mikono, lakini asitokee mtu kituoni kwako, wewe au mgeni mwenye mkutano wa maombezi, akamwambia mtu aache dawa kwa kuwa amepona. Virusi hurudi kuzaliana ndani ya wiki chache, na dawa zinaweza kugoma kufanya kazi baadaye. Ukiwa na nauli ya kusaidia, msaidie anayekosa nauli ya kwenda CTC, kliniki ya matunzo na dawa za VVU, siku yake ya tarehe.

Sasa jengo. Usikatae zawadi, panga masharti yake. Kwanza kiwanja: kipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe na mipaka ichorwe, kwa sababu eneo lililotolewa kwa mdomo wa mzee mmoja hudaiwa na watoto wake akifa. Pili ukubwa: mita 6 kwa 10 zinakaa watu 80 kwenye mabenchi, na ni kubwa kuliko hitaji lenu la miaka mitatu. Tatu mgawanyo: mawe ya msingi, mchanga, tofali na maji yatoke kwenu; saruji, bati na mbao za kenchi, yaani fremu za paa, ziwe za wageni. Ukuta wa unene wa tofali moja utakula tofali za kuchoma kama 9,000 hadi 10,000, fundi apime kwa ukubwa wa tofali za huko, na muongeze kwa zitakazopasuka tanurini. Bati lisinunuliwe kabla ukuta haujafika kwenye renta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha. Bati lililokaa miaka miwili chini ya kitanda cha mzee wa kanisa ni ugomvi unaosubiri kuanza. Upepo wa mlimani hung'oa mapaa, kwa hiyo kenchi zifungwe kwa waya mnene ulioingizwa ukutani mistari mitano ya tofali kutoka juu. Wekeni na mifereji: paa la mita za mraba 70 likipata mvua ya milimita 20 linatoa zaidi ya lita 1,000, na tangi la lita 5,000 lenye bomba nje ya uzio litawafaa majirani wote.

Mzungumze kwanza na mchungaji wako, kisha muwaandikie wageni pamoja, barua moja yenye sahihi zenu mbili, kabla hawajakata tiketi. Waelezeni mambo manne. Kwamba mgawo umesimama na watakuta watu 20 au 30. Kwamba siku ya kwanza watapita ofisi ya kijiji kabla ya kufika kanisani. Kwamba hawatagawa pipi, nguo wala fedha mkononi mwa mtu, na walicho nacho watakipitisha usharikani kwa stakabadhi. Kwamba ombi lenu la mwaka huu ni mifuko 10 ya kinga njaa, mabati ya paa la ghala, kufuli tatu na chaga, na habari ya jengo la kanisa mtaizungumza wakishaona kiwanja na rundo la mawe ya msingi. Wakija Julai watakuta watu wanapima mahindi kwa chumvi; wapeni kazi ya kushika turubai.

Mshauri